Doti Moja, Miili Miwili

Siku Mwajabu Salehe alipowaambia watu wake kwamba ana saratani ya titi, dada yake Somoe alianza kwa kumgombeza.

"Habari kama hiyo unaniambia huku unakata vitunguu?" alifoka. "Sasa mimi nitajuaje unalia nini?"

Kisha akakaa palepale kwenye sakafu ya jikoni, mwiko bado mkononi, akalia yeye, tena kwa sauti, mpaka wali ukashika chini. Mwajabu akaacha kisu, akakaa karibu yake. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwalimu wa jiografia, mama wa binti aliyeolewa juzijuzi, lakini mbele ya dada yake huyu alikuwa bado mtoto wa kufungwa vifungo.

Mumewe, Shomari, alitoka, akarudi na bisibisi, akaanza kukaza bawaba za mlango uliokuwa umelegea tangu binti yao Tunu yuko darasa la tatu. Alipomaliza mlango akahamia kwenye bomba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kuchambua machungwa pale kiwandani Muheza, na akikutana na jambo lisilo na skrubu alikuwa anapotea kabisa. Mwajabu alimjua mtu wake, hakumlaumu. Bomba lenyewe likaacha kuvuja.

"Wamekupigia lini?" Shomari aliuliza baadaye, bado kaipa nyumba mgongo.

"Juzi," Mwajabu akasema.

Na hapo ndipo alipodanganya.

Kanga ilikuwa imemwita tangu Ramadhani. Kanga hizo wanawake wa Muheza walizipa jina la kanga bubu, kwa sababu hazina maandishi. Kanga bila jina, jamani! Siku zilipogawiwa kituo cha afya watu walizigeuza mbele na nyuma wakitafuta maneno, wakakosa, mpaka bibi mmoja akauliza kama serikali imeishiwa la kusema. Lakini zilikuwa laini, zina pindo zuri la rangi ya ugoro, na zilikuwa za bure. Nyuzi zake zinakunywa jasho. Ukishinda nayo, au ukilala nayo, inasoma joto la ngozi na vile vichembe ambavyo maradhi huvitupa mwilini kabla mkono wa mtu haujagusa uvimbe wowote, halafu inapeleka habari kituoni. Kituo kikiona jambo, kinakupigia simu. Sauti ya mwanamke mpole inataja jina lako kamili na maradhi yaliyoonekana, inakuomba ufike. Kama huko tayari unasema "subiri", nayo inasubiri. Sheria ndivyo ilivyoandikwa: mwili ni wako, na kuchelewa ni kwako.

Mwajabu alisema "subiri" mara ya kwanza kwa sababu ya mfungo. Nani anakwenda kutafuta balaa na funga yake mdomoni? Ikaja Idi, ikaja posa ya Tunu, sauti ikapiga tena, akasema "subiri" akiwa amekaa na washenga sebuleni, akatabasamu, akawaomba radhi, akarudi kwenye mambo ya mahari. Yeye ambaye kutwa anawasema watoto wa watu kwa kuahirisha kazi za nyumbani! Akasema tena "subiri" siku ya kumsinga bibi harusi. Kila mara sauti ilimsihi kwa upole, na kila mara alijiambia: huu mwili ni wangu, najua ninachofanya. Nimwoze mwanangu nikiwa na maziwa yangu mawili na nywele zangu kichwani, halafu nitakwenda wanikate wanavyotaka. Aliuona ule kuwa ni ujasiri. Hata alijipenda kidogo kwa ajili hiyo.

Sasa Tunu yuko kwake Tanga, viti vya kukodi vimerudishwa, na Mwajabu kapiga moyo konde. Jumanne anakwenda.

Kesho yake Somoe akahamia. Alikuja na mto wake, sufuria lake la uji, dawa yake ya kuchua mgongo, na ubishi wake wote.

"Shemeji, nakuachia chumba chako," alimwambia Shomari, "lakini jiko ni langu, na mgonjwa ni wangu."

"Mgonjwa ni wetu, shemeji."

"Wako usiku. Mchana wangu."

Shomari akacheka kwa mara ya kwanza tangu apate habari.

Basi Mwajabu akawa analelewa. Uji wa ulezi asubuhi, supu ya kongoro saa nne, akiinuka kufagia ananyang'anywa ufagio. Somoe alikuwa na miaka hamsini na mitano, mjane, hakujaaliwa mtoto. Wake alikuwa Mwajabu, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alimzunguka kutwa nzima, huku akishika kiuno na kusonya kila akiinama.

"Dada, pumzika basi. Huo mgongo utakulaza."

"Mgongo ni uzee na masufuria ya harusi ya mwanao. Wewe kunywa supu."

Jioni ya Jumatatu walikaa barazani, Somoe amejitanda kile kipande chake cha kanga bubu. Kilikuwa kimekwisha kuchujuka kidogo, maana halali bila hicho. Kilitoka kwa Mwajabu. Siku ile ile ya kugawiwa doti, Mwajabu alifika nyumbani, akachukua mkasi, akaikata katikati, kipande kimoja chake, cha pili akampelekea dada yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ndivyo alivyofanya kwa kila doti aliyopata kuishika maishani mwake: za Idi, za harusi, hata ile ya msiba wa mama yao. Mwanamke gani anakaa na doti nzima peke yake wakati ana dada? Huo ni uchoyo.

Kuandikishwa ndiko Somoe alikokataa. Alisimama mbele ya wauguzi na wanawake wote wa mtaa akasema wazi kwamba jina lake wasiliandike popote; kanga isiyomjua jina, kwake ilikuwa kitambaa tu. Na Mwajabu aliijua sababu. Mama yao alikuwa mmoja wa wanawake wa mwanzo kupimwa na zile mashine za zamani, zilizokuwa zinauona ugonjwa ungali mbali huku dawa yake bado haijajulikana. Walimwambia akiwa mzima kabisa, anafagia uwanja. Tangu siku ile hakupanda tena hata mchicha. Nani atauchuma, alikuwa anauliza. Akagawa vyombo vyake, akajilaza kitandani kuusubiri, na maradhi yakachukua miaka kufika. Somoe ndiye aliyemuuguza, kwanza hofu, halafu ugonjwa wenyewe, na hofu ndiyo iliyokuwa ndefu.

"Mimi ndiyo maana sikutaka," Somoe alisema pale barazani, akizivuta ncha za kanga kifuani. "Wewe sikulaumu, una mtoto, una mume. Lakini mimi, likija na lije. Linikute nacheka. Na ahadi yangu unaikumbuka."

"Naikumbuka, dada."

"Uliapa kwa kaburi la mama."

"Niliapa. Ukipatwa na jambo nikalijua kwa njia yoyote, sikuambii."

"Haya. Sasa maliza huo uji, kesho unahitaji nguvu."

*

Kijumba cha kioo cha kupimia pale kituoni kilikuwa na baridi. Mwajabu alisimama ndani yake, mikono juu, kifua wazi, akisikia mvumo mdogo ukimzunguka kuanzia kiunoni kupanda. Alikuwa anamfikiria Tunu. Alikuwa anafikiria atamwambiaje. Daktari Mbwambo, msichana mrefu wa Kipare mwenye sauti ya chini, alikuwa amesimama upande wa pili akitazama picha inavyojichora hewani mbele yake.

"Mama, samahani," alisema. "Turudie."

Wakarudia. Daktari akaigeuza picha kwa kidole, akaikuza, akaipasua vipande vyembamba, akavipitia kimoja kimoja. Kisha akamwambia avae, akamwita na Shomari, aliyekuwa akisubiri nje, aingie.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu vipi?" Shomari akauliza.

"Titi zima. Yote mawili. Kwapani safi, mapafu safi. Mama hana saratani."

Loo! Shomari alitoka mle chumbani hata mlango hakuufunga, akaenda zake mwisho wa ukumbi, akaanguka kusujudu palepale mbele ya watu wanaosubiri. Mwajabu alimwona anavyotikisika mabega. Yeye mwenyewe alibaki kakaa, mikono mapajani, anacheka cheko ambalo hakulijua limetoka wapi. Miezi yote ile! Miezi yote ile ameaga kila kitu kimoyomoyo, ameaga mpaka mwembe wa shule na ubao wake, kumbe mashine imekosea.

Daktari Mbwambo hakucheka. Alikwenda akaufunga mlango.

"Mama, kanga umekuja nayo?"

"Ninayo." Akaitoa mkobani.

Daktari akaikunjua, akaipima kwa macho, akaikunjua tena kama vile kuna zaidi ndani. "Na ya pili?"

"Ya pili ya dada yangu."

"Dada yako anayo doti yake?"

"Hana. Hiyo ni doti yangu, nimeikata. Kimoja changu, kimoja nimempa. Alivyozoea kupewa."

Yule binti akaweka mkono mdomoni. Akakaa.

"Waliozitengeneza," alisema mwishowe, "walifikiri mwanamke anajifunga kimoja kiunoni na kujitanda cha pili. Mwili mmoja. Vipande vyote viwili vinazungumza na kituo kwa namba moja. Hakuna aliyewaambia kwamba…" Akakishika kile kipande. "Na mimi yangu nimekata. Mama yangu anacho, Same. Sikufikiria hata kidogo."

Mwajabu alikuwa anamsikiliza, na ile furaha ilikuwa bado mwilini, haijajua kama iondoke.

"Kwa hiyo haikukosea," alisema.

"Haikukosea."

Daktari akafungua picha nyingine hewani. Ilikuwa mistari. Akamweleza polepole, kwa kidole. Kila siku mashine ilipokea habari za vipande viwili, ikazichanganya, ikadhani ni za mtu mmoja. Kipande kimoja kinasema mzima, cha pili kinasema mgonjwa. Jumla yake ikaonekana ugonjwa mdogo, unaoanza, wa kusubirika kidogo. Ndiyo maana ile sauti ilikuwa mpole vile.

"Uzima wako, mama, ulikuwa unaufunika ugonjwa wake. Sasa nakitoa kipande chako."

Mstari mmoja ukafutika. Uliobaki ulipanda mpaka ukatoka juu ya picha, na daktari akalazimika kuishusha picha nzima ili ncha yake ionekane.

"Ramadhani ulikuwa umefika wapi?" Mwajabu aliuliza.

"Mama, hilo halitakusaidia."

"Nionyeshe Ramadhani, mwanangu."

Daktari akaonyesha. "Hapa ulikuwa kwenye titi tu. Kivimbe kidogo. Tungeutoa kwa sindano, asubuhi, jioni mtu yuko kwake."

"Na sasa?"

"Sasa upo kwenye mifupa. Uti wa mgongo."

Mgongo. Yale masufuria. Ile dawa ya kuchua inayonuka karafuu nyumba nzima, na kusonya kule, na yeye Mwajabu kalala kwenye mkeka ananyweshwa supu! Akashika ukingo wa meza. Alikuwa amesema "subiri" kwa mdomo wake, mara ngapi sijui, akijua anatumia siku zake mwenyewe. Hazikuwa zake. Alikuwa amekaa pale na washenga, amevaa dhahabu, anatabasamu, anazitumia siku za dada yake.

"Dawa," alisema. "Dawa zipo siku hizi."

"Ipo. Inaundwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, kutoka kwenye ugonjwa wake mwenyewe, haimfai mwingine. Ningeanza hata leo. Lakini nisikudanganye, haitauondoa. Itaushika usitembee. Miaka kadhaa, mwili ukiipokea. Na ina mateso yake."

"Asipoipata?"

"Sidhani kama atauona msimu mwingine wa machungwa."

"Basi mpigie. Mwite."

Daktari Mbwambo akatikisa kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Siwezi, mama. Hajaandikishwa, na alikataa mbele ya mashahidi. Asiyetaka kujua haambiwi, ni kosa kwangu, wananifungia kazi. Kwa sheria hata haya niliyokuonyesha ni mwili wako, namba ni yako. Ndiyo maana nimeweza kukuonyesha."

"Na mimi?"

"Wewe ni mdogo wake," daktari alisema. "Sheria haina neno juu ya mdogo mtu."

*

Shomari alikwisha piga simu. Kabla hata hawajafika kwenye lango la kituo alikuwa amempigia Tunu, amempigia imamu, amempigia bosi wake wa kiwandani, na wa kwanza kabisa alikuwa shemeji yake. Mwajabu alisikia vigelegele vya Somoe vikitoka kwenye simu ya mumewe, vimekwaruza, vimepasuka, vya mtu anayelia huku anapiga.

Njia nzima Shomari alizungumza. Malori ya machungwa yasiyo na dereva yalikuwa yanapita kwa mstari kuelekea Tanga, na yeye anayapungia mkono, mtu mzima, anayapungia malori yasiyo na mtu ndani. "Nakuona umenyamaza, Mama Tunu," alisema. "Ni mshtuko."

"Ni mshtuko," Mwajabu akasema.

Alikuwa anapima. Anyamaze? Dada yake anacheka leo. Akinyamaza atacheka kesho pia, na keshokutwa, mpaka siku mwili utakaposema wenyewe. Ndicho alichokitaka. Alikitaka mbele ya watu, akamwapisha kwa kaburi la mama yao, na kiapo si kitu cha kuvuliwa kama kiatu. Atampa nini kwa kumwambia? Miaka kadhaa kwenye kochi la hospitali, na ile hofu aliyoiuguza kwa mama mpaka ikamkausha. Lakini akinyamaza, itakuwa ni mara ya pili. Mara ya kwanza alinyamaza hajui anammaliza nani. Sasa anajua. Aliligeuza jambo hilo hivi na vile, na kila upande alioushika ulimkata.

Nyumbani palinukia pilau. Somoe alikuwa amechinja jogoo, tena yule mwenye kelele waliyekuwa wanamwekea Tunu akija kusalimia. Alimpokea Mwajabu mlangoni, akamkumbatia, akamzungusha, akashika kiuno, "Aii!", akacheka, akamzungusha tena. Kile kipande cha kanga kilikuwa mabegani mwake.

"Shemeji, soda!" aliamuru. "Leo hatunywi maji ya bomba, hata kama umelitengeneza."

Shomari akatoka mbio kwenda dukani. Wakabaki wawili. Somoe akamkalisha, akampakulia, akamchagulia paja la jogoo, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula.

"Mbona huli?"

"Nitakula, dada."

"Kula. Unajua mimi nilifanya nini usiku wa kuamkia leo?" Alishusha sauti, akatabasamu kwa aibu kidogo. "Niliswali. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kukesha kwenye mswala. Lakini nikaswali, nikamwambia Mola wangu, huyu ana mtoto, ana mume, ana watoto wa watu shuleni. Mimi sina wa kunitegemea. Uondoe kwake. Kama lazima ukae kwa mtu, uweke kwangu. Na umeona? Amenisikia! Kakuondolea!"

Mwajabu alisikia sauti inatoka kwake, si neno, ni sauti tu, ya mnyama. Akasukuma sahani. Akainama akashika magoti ya dada yake kwa mikono miwili, akaweka paji la uso pale, juu ya pindo la kanga, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya kumzika mama.

"Ala! Mwaja? Si wamesema huna?"

"Sina, dada. Mimi sina."

Mkono wa Somoe uliokuwa unampapasa Mwajabu kichwani ukasimama. Ule mkazo wa neno "mimi" alikuwa ameusikia. Akatazama kichwa cha mdogo wake magotini pake, akatazama kile kitambaa. Alikuwa mtu mwenye akili, Somoe. Hakuhitaji mistari ya hewani.

"Si kanga hii hainijui jina," alisema polepole.

Mwajabu hakuinua uso.

"Nilikuambia usiniambie." Sauti ya Somoe ikaanza kupanda. "Nilikuambia! Nilikuapisha! Nilikuwa napika, Mwajabu. Nilikuwa nacheka. Kitu kimoja tu nilikuomba katika maisha yangu yote, kimoja, na wewe unanilalia magotini unaniambia!" Akamsukuma. Akasimama, akashika kiuno, akaketi tena. "Mama alikaa akiusubiri. Unakumbuka macho yake? Sasa na mimi nitakuwa na macho yale."

"Dawa ipo, dada. Haiuondoi, lakini inaushika. Miaka. Daktari anasema anaweza kuanza hata leo. Nisingekuambia kama hakuna cha kufanya, nakuapia tena…"

"Usiape. Viapo vyako nimeviona."

Jikoni sufuria lilikuwa linachemka, hakuna aliyekwenda kulitazama. Somoe alikuwa anapumua kwa nguvu, akitazama mlango ambao shemeji yake aliukaza bawaba. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imepungua, na Mwajabu alitamani irudi.

"Shemeji alisema wamekupigia juzi."

"Ndiyo nilivyomwambia."

"Walikupigia lini?"

Angeweza kusema juzi. Neno lilikuwa fupi, lilikuwa limekwisha tumika mara moja nyumba hii hii, na hakuna ambaye angelipinga. Mwajabu alimtazama dada yake usoni.

"Ramadhani," alisema.

Somoe akahesabu. Uso wake ulionyesha anavyohesabu: Idi, posa, singo, harusi, viti, wageni, mpaka leo. Kisha akauliza kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya, "Ramadhani ulikuwa umefika wapi?"

"Kwenye titi tu. Wangeutoa kwa sindano. Nilidhani ni wangu, dada. Nilidhani nachezea wangu. Nikasema nimwoze mtoto kwanza."

Nje walisikia chupa zikigongana. Shomari anarudi, anapiga mluzi, anasalimiana na jirani, anamweleza habari njema tangu mwanzo. Somoe alisikiliza. Akachukua ncha ya ile kanga, akamfuta nayo Mwajabu machozi, kwanza jicho moja, halafu la pili, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta kamasi zamani.

"Ungejua ni mimi," alisema, "ungesubiri?"

"Nisingesubiri hata nivae viatu."

"Najua," Somoe akasema. "Wangu ungeukimbilia. Wako ndio ukauambia usubiri."

Akanyanyuka, safari hii kwa kuegemea bega la mdogo wake, akasimama hivyo mpaka maumivu yalipopita.

"Haya, futa uso, mumeo anaingia. Leo mwache afurahi. Kesho utanipeleka kwa huyo daktari wako." Akamshika kidevu, akamwinua uso. "Lakini tusikilizane. Kwa ajili yangu nisingekwenda, na hata sasa siendi kwa ajili yangu. Nakwenda kwa sababu nisipokwenda, wewe utaishi na Ramadhani hiyo mpaka unaingia kaburini."

Shomari akaingia na soda mikono miwili, anacheka, akauliza mbona hawajala.